Punje Nne Kati ya Arobaini na Saba

Ungemfumba macho Mwanaheri binti Twalibu, ukampa kipande cha kitenge akipapase, angekwambia kimetoka Kongo au Dar, na kama kimeshafuliwa angekwambia hata sabuni iliyotumika. Alikulia chini ya meza ya duka la nguo la baba yake, Kasulu mjini. Mzee Twalibu, ambaye wazee wake walitokea pwani, alimfundisha sheria moja tu ya maisha: mali hupimwa mbele ya mnunuzi. Usikate kitambaa nyuma ya pazia, usihesabu ukiwa chumba cha pili. Mzee mwenyewe sheria hiyo aliishika siku nyingi na kuisahau siku chache. Binti aliishika siku zote.

Ila maharage kwake yalikuwa maharage. Yakiiva yanaliwa, yasipoiva yanaumiza tumbo, basi. Hapo ndipo alipoponzeka, na kwa kuwa mkasa wake umesimuliwa vibaya mara nyingi, acha niusimulie ulivyokuwa.

Mwaka 2014 alikuwa na miaka ishirini na tisa, anafundisha hisabati katika shule moja ya kata upande wa Busunzu, wilaya ya Kibondo. Jina la shule naliacha, wenyewe wangali hai na masikio wanayo. Wanafunzi walimwita Madam, kama wanavyowaita walimu wa kike wote, lakini lake walilitamka kwa hofu kidogo. Fimbo hakuwa nayo. Alikuwa na maswali, na akikuuliza swali hakuondoka mbele ya dawati lako mpaka umejibu.

Mwezi wa tisa kidato cha pili walifika kwenye mada ya takwimu. Zilikuwa zimebaki wiki saba kabla ya mtihani wa taifa. Mwanaheri hakutaka kuwafundisha takwimu kwa mifano ya kitabuni, ya urefu wa miche na uzito wa mayai. Alikwenda steshenari Kasulu, akachapishiwa kurasa kadhaa za ripoti ya UKIMWI duniani, akazibeba mpaka darasani na kuziandika ubaoni kwa chaki nyekundu. Watu milioni thelathini na tano wanaishi na virusi. Zaidi ya nusu yao hawajui kama wanavyo. Watu milioni moja na nusu walikufa katika mwaka mmoja uliopita.

Darasa likanakili. Walinakili vizuri, kwa kalamu ya bluu, wakapiga mstari kwa rula. Hakuna aliyeinua uso.

"Milioni moja na nusu," Mwanaheri alisema. "Mmeisikia hiyo namba?"

Reverien, kijana mrefu aliyekuwa wa kwanza darasani kila muhula, alinyoosha mkono. "Madam, hiyo ni ya watu wa Dar. Na wale wa kambini Nyarugusu. Huku kwetu haipo."

"Nani kakwambia?"

"Si tungewaona?"

Sauti moja ikatoka nyuma: "Huku tunakanyaga matope, Madam, hatukanyagi miwaya!" Darasa zima likaangua kicheko, maana kukanyaga miwaya ndiyo lugha ya vijana ya kuupata ugonjwa huo.

Mwanaheri hakucheka. Alikasirika. Alikuwa na kaka yake, Gharibu, aliyefariki yeye akiwa na miaka kumi na sita. Mazishini watu walisema kifua. Dukani wakasema kifua. Mama yake alisema kifua kwa miaka kumi na mitatu, na Mwanaheri, aliyemsafisha Gharibu vidonda vya mdomoni, alikuwa anajua kifua hakifanyi vile. Sasa watoto wanacheka. Hasira ile ilikuwa ya haki, siikatai. Lakini hasira ya haki nayo hupotosha njia, na ilimpotosha yeye.

"Kesho," alisema, "kila mmoja aje na punje chache za mahindi na punje chache za maharage kutoka nyumbani kwao. Wa hosteli mwende leo jioni mkachukue. Tutaona kama haipo."

Kesho yake alitundika kitenge kwenye kona ya darasa, nyuma yake akaweka kibuyu chenye shingo nyembamba. Akaandika swali ubaoni: Je, nyumbani kwenu yupo mtu anayemeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI? Kama yupo, tumbukiza harage. Kama hayupo, tumbukiza hindi.

"Mnaingia mmoja mmoja," alisema. "Hakuna jina, hakuna karatasi, hakuna mwandiko. Mimi mwenyewe sitajua. Hakuna atakayejua. Nataka ukweli tu."

Alisema hivyo mara mbili, tena akiwa ameweka mkono kifuani. Watoto wakaanza kupita. Ilichukua karibu nusu saa. Walioingia wakicheka walitoka kimya, na hilo lilimfurahisha Mwanaheri, akajua somo limeanza kuingia. Jeanne, binti mwembamba wa miaka kumi na sita aliyekaa dawati la tatu, alikaa nyuma ya kitenge muda mrefu kuliko wenzake. Alipotoka alimtazama Madam usoni kama anayetaka kuhakikisha kitu. Madam alimwitikia kwa kichwa.

Punje zote zilipokwisha kuingia kibuyuni, ungedhani angekibeba akahesabu ofisini peke yake. Mtu mwingine angefanya hivyo. Lakini huyu alikuwa mtoto wa duka. Aliita wanafunzi wawili, Reverien na Asia, akaweka meza katikati ya darasa, akatandika karatasi nyeupe ya chati, na mbele ya macho yote akakipindua kibuyu na kukitikisa mpaka punje ya mwisho ikatoka.

"Hesabuni kwa sauti."

Mahindi arobaini na matatu. Maharage manne.

"Wanne kati ya arobaini na saba," Mwanaheri alisema, na sauti yake ilikuwa na ushindi ambao baadaye aliuonea haya sana. "Reverien, asilimia ngapi?"

Reverien alikuwa ameinama juu ya meza. Asia naye alikuwa ameinama. Wa madawati ya mbele walikuwa wamesimama kuchungulia, na hakuna aliyekuwa anatazama ubao. Walikuwa wanatazama yale maharage manne. Matatu yalikuwa ya njano, yale ambayo kila shamba la Kasulu na Kibondo limejaa. La nne lilikuwa jeusi, lina madoa meupe kama manyoya ya kanga.

Mwanaheri aliona rangi tofauti. Hakuona zaidi ya hapo. Lakini hao walikuwa watoto wa wakulima. Walijua mbegu ya kila ua, kama yeye alivyojua vitenge. Yale maharage ya madoa yalilimwa na mtu mmoja tu pale, Bibi Ntirampeba, aliyeyafunga kwenye pindo la nguo yake alipokimbia Burundi mwaka 1972 akiwa msichana. Mbegu yake hakuiuza wala hakuigawa. Hata nyimbo za kumtania ubahili zilikuwepo.

Asia, bila ubaya wowote, alisema taratibu, "Hili la kwa Bibi Ntirampeba."

Na vichwa arobaini na sita vikageuka kumtazama Jeanne, mjukuu wake.

Jeanne hakulia. Alifunga daftari, akalifungua, akalifunga tena. Nyumba yao ilikuwa na watu wawili tu, bibi na yeye. Mama yake alirudi Burundi na wakimbizi wenzake mwaka 2008 na hakuonekana tena. Bibi alikuwa mzee wa kanisani, mkunga wa jadi aliyezalisha nusu ya watoto wa kata ile kwa mikono yake. Nani angefikiria bibi? Darasa lilipiga hesabu ya haraka, mbili kutoa moja, na jibu likabaki Jeanne.

Mwanaheri alielewa mwishoni, kama ilivyo kawaida ya walimu. Alizifagia zile punje kwa kiganja, akatangaza kipindi kimekwisha wakati zilikuwa zimebaki dakika ishirini, akachana karatasi. Ilikuwa kazi bure. Kufikia saa nane mchana bweni la wasichana lilishajua. Kufikia jioni sahani na kikombe cha Jeanne vilikutwa chooni. Usiku huo wasichana waliolala naye kitanda kimoja walihamia sakafuni.

Mwanaheri alimwita ofisini kesho yake asubuhi. Alifunga mlango. Alitafuta maneno aliyoyaandaa alfajiri, akaona yote yamekimbia.

"Jeanne, mimi nimekukosea. Nimekukosea sana."

"Haina shida, Madam."

"Ina shida. Nilikuahidi." Akashusha pumzi. "Lakini nataka ujue, ukimeza dawa vizuri, kwa saa zile zile, utaishi miaka mingi. Utasoma, utaolewa, utazaa. Unazimeza vizuri?"

Jeanne alimtazama. Kitu kilipita usoni mwake ambacho Mwanaheri alikisoma kuwa ni aibu. Kusoma vibaya kulikuwa kumeshamzoea wiki ile.

"Ego, Madam," Jeanne alisema. Ndiyo. "Nazimeza."

Kisha akasogea karibu. "Lakini usimwambie Bibi kwamba watu wanasema. Nakuomba. Nyumbani siendi mpaka likizo, hatasikia. Usimwambie."

"Simwambii," Mwanaheri aliahidi.

Ahadi mbili katika siku mbili, na wa kuahidiwa ni yule yule.

Ijumaa alipanda gari kwenda kwao Kasulu. Hakuwa na la kufuata huko, alitaka tu kuwa mahali ambapo hakuna anayemwita Madam. Mama yake, Bi Mwamvua, alikuwa ukumbini anakunja vitenge vipya, na Mwanaheri akakaa upande wa pili wakikunja pamoja, huku anamsimulia. Alisimulia yote, kibuyu, kitenge, punje nyeusi.

"Na wewe ulitumbukiza nini?" Bi Mwamvua aliuliza mwishoni.

"Mimi?"

"Wewe. Uliwaambia watoto wa watu waseme ya nyumbani kwao. Ya kwetu uliyasema?"

Mwanaheri alishika pindo la kitenge, asijue alipofikia. "Mama, ya kwetu si ni kifua?"

Lilimtoka, na lilikuwa na sumu. Bi Mwamvua aliacha kukunja. Akasema, bila kuinua uso, "Gharibu alikufa kwa UKIMWI. Haya, nimesema. Miaka kumi na mitatu nimelimeza neno hilo kila siku, na leo nimelitema ukumbini kwangu, mbele ya mwanangu, kwa hiari yangu. Yule binti wewe ulimpa hiari?"

Mwanaheri alilia usiku ule, na hakuwa na wa kumlaumu.

Jumatatu aliporudi alikuta barua mezani. Wazazi wameomba kikao, Jumatano saa nne asubuhi. Barua ilikuwa na sahihi kumi na moja, ya juu kabisa ikiwa ya Fidele, baba yake Reverien, mjumbe wa kamati ya shule. Walitaka Jeanne atolewe hosteli, na kama inawezekana atolewe shule, "kwa usalama wa watoto wetu." Mkuu wa shule alimwambia Mwanaheri kwa upole wa mtu anayeogopa wazazi na serikali kwa pamoja, "Madam, mimi hapa kwenye kikao nitasikiliza tu. Wakipiga kura wakashinda, mtoto ataenda kusomea nyumbani, atakuja siku ya mtihani."

"Hatakuja," Mwanaheri alisema. "Akitoka leo hatarudi, na wewe unajua."

"Basi tafuta njia. Moto uliwasha wewe."

Njia aliyoitafuta ilikuwa moja. Kama mlezi wa mtoto hatafika kwenye kikao, nani atamsemea? Jumanne jioni, baada ya vipindi, alitembea kilomita nne mpaka kwa Bibi Ntirampeba. Njiani aliikumbuka ahadi yake. Aliikumbuka vizuri, akaamua kwamba kumwokoa mtoto ni kukubwa kuliko ahadi. Watu wazima huamua hivyo mara nyingi, na mara nyingi huwa hawajamuuliza mtoto.

Bibi alikuwa uani, anapepeta majivu kutoka kwenye mbegu zake. Mvua zilikuwa zimekaribia. Mwanaheri alipiga magoti kidogo, akapiga makofi ya taratibu kama alivyofundishwa na wenyeji. "Mwakeye, Bibi."

"Mwakeye, mwana wanje. Mwalimu wa hesabu! Kaa." Bibi alimwita mwanangu, kwa Kiha; alikuwa mwembamba kama mjukuu wake, macho yake mepesi. "Jeanne amefeli?"

"Hapana, Bibi. Jeanne anafanya vizuri."

Akasimulia. Alipofika kwenye harage la madoa, ungo ulisimama mikononi mwa bibi.

"Mwenyewe alitumbukiza hilo?"

"Mwenyewe. Niliwaambia waseme kweli."

"Mtoto wa kweli huyo," bibi alisema polepole. "Nilimlea hivyo. Na watu wanasema nini?"

"Wanasema... ni mgonjwa, Bibi. Wametupa sahani yake. Kesho wanakaa kikao wamtoe."

"Wanasema ni Jeanne."

"Ndiyo."

"Na yeye? Amewajibu nini?"

"Amekubali. Aliniambia hata mimi, kwamba anameza dawa. Akaniomba nisikuambie wewe kwamba watu wanasema."

Bibi Ntirampeba aliweka ungo chini. Aliuweka kwa uangalifu, punje isimwagike. Kuku alikuja akadonoa kwenye ungo na bibi hakumfukuza. Mwanaheri, aliyekuwa ameshaambiwa kwamba bibi huyu haachi hata punje moja ipotee, alimtazama yule kuku anavyokula na akaogopa bila kujua anaogopa nini.

"Kikao saa ngapi?" bibi aliuliza.

"Saa nne."

"Nenda, mwana wanje, giza lisikukute njiani."

Jumatano darasa kubwa lilijaa. Wazazi waliketi kwenye madawati ya watoto wao, magoti yamegusa mbao. Jeanne alitakiwa awepo, akakaa kwenye kiti karibu na ubao, ametazama viatu vyake. Bibi Ntirampeba aliingia akiwa amechelewa kidogo, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Jeanne alipoinua uso akamwona, alimgeukia Mwanaheri. Mwanaheri alitamani asingekuwa na macho.

Fidele aliongea kwanza. Hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo ijapokuwa ningefurahi kumsema vibaya. Alikuwa baba mwenye hofu. "Hatumchukii mtoto," alisema. "Lakini wanalala pamoja, wanakula pamoja, wanakatana kucha kwa wembe mmoja. Sisi hatuna wataalamu. Akae nyumbani kwa bibi yake, basi."

Wengi wakaguna kukubali.

Mwanaheri alisimama. Aliwaeleza kwamba ugonjwa hauendi kwa sahani wala kitanda, na wembe kila mtoto anunuliwe wake. Aliwaeleza namba zake. Alipoona namba hazimsaidii, alisema lile ambalo alipaswa kulisema siku ya kibuyu: "Kaka yangu Gharibu alikufa kwa ugonjwa huu. Nililala naye chumba kimoja, nilikula naye sahani moja. Mimi hapa ni mzima."

Kisha mama mmoja akasema bila kumtazama, "Ya Kasulu hayo, Madam. Mjini." Na watu wakarudi kwenye lao.

Mwenyekiti wa kamati, mzee Nsabimana, alisema muda unakwenda, watu wana mashamba. "Wanaotaka binti aondoke, mikono juu."

Mikono ilipanda. Ya mbele kwanza, kisha ya katikati, kisha hata ya waliokuwa hawajaamua, maana mkono wa jirani huuinua wa jirani. Mzee Nsabimana alianza kuhesabu kwa kidole. Alifika kumi na tisa.

"Mwenyekiti, naomba kusema," Bibi Ntirampeba alisema kutoka nyuma.

"Bibi, tunahesabu kwanza."

"Msishushe. Nataka niwaone mkiwa hivyo hivyo."

Alisogea mbele taratibu, akipita katikati ya madawati. Jeanne alisimama ghafla. "Bibi, hapana," alisema kwa Kiha, "Bibi, acha, nakuomba!" Akamkimbilia kumzuia, na bibi akamshika kichwa, akamlaza begani kwake, akaendelea kuongea juu ya kichwa kile.

"Punje ilisema kweli. Nyumbani kwangu yupo anayemeza dawa. Ni mimi."

Jeanne alizidi kuficha uso begani mwa bibi.

"Mwaka wa nne huu. Kila mwezi mnaniona napanda pikipiki kwenda Kibondo, nawaambia naenda kwa dada yangu. Dada yangu alishakufa zamani. Naenda kliniki. Nilizalisha wake zenu kwa mikono mitupu, kwenye damu, miaka thelathini na saba, hakuna aliyeniletea hata glavu moja. Huenda niliupata humo. Huenda niliupata kwingine. Mungu anajua. Fidele, unakumbuka nilipokataa kumzalisha mke wako mimba ya mwisho? Ulinitukana, ukasema nina maringo, nataka pesa. Nilikuwa nimepewa majibu wiki hiyo. Nilikwambia umpeleke zahanati. Ulimpeleka, akajifungua salama."

Mkono wa Fidele ulikuwa bado juu. Alionekana ameusahau.

"Huyu mtoto hana kitu," bibi alisema. "Amepimwa, mara mbili. Nyinyi hamjapimwa. Mmemtupia sahani yake chooni na yeye akanyamaza, ili msinitupie yangu. Sasa endelea kuhesabu, Mwenyekiti."

Mzee Nsabimana hakuwa na la kuhesabu. Mikono ilikuwa inashuka mmoja mmoja, kimya kimya, kama watu wanaoiba. Ya wanne ilibaki. Fidele aliuteremsha wake, akauweka juu ya dawati, akautazama. Mwenyekiti akasema binti atabaki shuleni na hosteli, kikao kimefungwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kuondoka pale haraka.

Walitoka. Mwanaheri aliwaona wakimpita bibi mlangoni. Waha ni watu wa salamu, mtu humshika mwenzake mkono na kumuuliza nyumba nzima kabla hajamwachia. Siku hiyo walimwinamia kichwa. Wengine walisema pole. Walipofika barabarani walimpisha, akatembea katikati peke yake na fimbo yake, na aliowapokea duniani kwa mikono ile walijibana pembeni mpaka alipopita. Hakuna aliyempa mkono.

Jeanne alikuwa amesimama barazani karibu na Mwanaheri, anatazama hayo hayo.

"Umebaki, Jeanne," Mwanaheri alisema. Alitaka iwe habari njema. "Mtihani utaufanya."

"Zilikuwa wiki sita tu, Madam." Jeanne hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Ningemaliza mtihani, ningehamia shule nyingine, wangenisahau. Bibi yeye anaishi hapa. Hana kwingine. Ningeweza kuubeba uvumi huo mpaka mwezi wa kumi na moja. Nilikwambia usimwambie."

Jeanne aliteremka ngazi za baraza, akapita katikati ya wazazi waliojibana, akamfikia bibi yake kabla ya kona, akamshika mkono mbele ya watu wote.